Usiwaachie watalii msitu wa Mlima Kenya

Msomaji, hebu jiulize ni lini ulipolala msituni kwa hiari yako. Sisemi ile siku basi lilipoharibika njiani mkakesha mkipigwa na baridi. Nasema kulala kwa kutaka, ukiwa na mkeo au mumeo, watoto na mzee wenu mmoja, tena kwa pesa ulizodunduiza mwaka mzima. Ikiwa jibu lako ni kwamba hujawahi, usione haya. Wengi wetu tunaoishi Nairobi, Nakuru na Mombasa tumekua tukiamini kwamba zile nyumba za wageni zilizojengwa ndani ya misitu ni za Wazungu, na kwamba sisi kazi yetu ni kuwapungia mkono wanapopita ndani ya magari yenye paa la kufunguka.

Mimi pia niliamini hivyo hadi likizo ya Agosti iliyopita. Tulikuwa watano: mimi, mke wangu, kijana wetu wa miaka kumi na minne, dada yake wa miaka tisa, na mama yangu mzazi, ambaye watoto humwita cucu kama ilivyo desturi ya Wakikuyu. Mama ana umri wa miaka themanini na mitatu na amekaa Mathira, juu ya Karatina, siku zake zote. Kutoka mlangoni mwake hadi ukingo wa msitu wa Mlima Kenya ni mwendo wa kuvuta sigara moja.

Nilipompigia simu kumwarifu kwamba twaenda kulala msituni siku tatu, alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Huo msitu nimeukimbia maisha yangu yote. Sasa wewe walipa ili uingizwe?"

Alikubali kwa sababu mjukuu wake wa kiume, ambaye ana jina la marehemu baba na ambaye kwa hivyo yeye humwita "mume wangu", alimwomba mwenyewe. Mwanamke hamkatalii mumewe safari.

Kabla hatujaondoka, yafaa ujue nyumba hizi zilitoka wapi. Ya kwanza ilijengwa mwaka wa 1932 na Eric Sherbrooke Walker, mwenye hoteli ya Outspan mjini Nyeri. Aliiweka juu ya mugumo katika msitu wa Aberdare, ng'ambo ya bonde ukiutazama Mlima Kenya, akaiita Treetops. Ilikuwa kibanda tu cha mbao. Wageni walipanda kwa ngazi, wakaketi kimya na kungoja wanyama waje kunywa maji na kulamba chumvi chini yao. Wazo lenyewe lilikuwa geni, maana kwa kawaida mwindaji ndiye aliyemfuata mnyama. Hapa mgeni alikaa mahali pamoja, mnyama akamjia.

Jina la mahali hapo lilienea duniani usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari, 1952. Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alilala pale juu na mumewe, na usiku huo huo babake, Mfalme George wa Sita, akafariki kwao. Hivyo msichana aliyepanda mti akiwa binti mfalme alishuka akiwa malkia, ingawa habari yenyewe aliipata baadaye siku hiyo akiwa Sagana. Miezi tisa haikupita kabla ya Hali ya Hatari kutangazwa nchini, Oktoba mwaka huo. Mnamo Mei 1954 wapiganaji wa Mau Mau waliichoma Treetops ikateketea. Iliyokuja kujengwa mwaka wa 1957 ilikuwa nyingine na kubwa zaidi. Baadaye zikafuata nyingine za mtindo huo katika Aberdare na Mlima Kenya: nyumba za mbao zinazosimama kwa nguzo mbele ya kidimbwi cha maji.

Tuliyolala sisi ni moja ya hizo, iko ubavuni mwa Mlima Kenya. Sitaitaja jina, kwa sababu mbili. Kwanza, ukurasa huu si bango la matangazo. Pili ni jambo lililotupata mapokezini.

Tulifika saa tisa alasiri, tumechoka, gari limejaa tope. Kijana aliyekuwa mezani alituangalia, akaangalia gari, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Wageni wako nyuma?" Sikumwelewa. Akauliza tena, "Wageni uliowaleta wanakuja na gari jingine?" Alidhani mimi ni dereva wa watalii. Mke wangu alimjibu kabla yangu kwamba wageni ni sisi, na risiti hii hapa. Yule kijana aliona aibu kweli kweli, akatuletea maji ya matunda mara mbili. Lakini hata risiti ilikuwa na kasoro: tulikuwa tumeandikiwa bei ya wageni kutoka nje ya nchi, ambayo ni ghali mno kuliko ya raia, na ilichukua karibu saa nzima kurekebisha.

Kwa hiyo shika haya, msomaji. Unapoagiza nafasi, taja mapema kwamba wewe ni raia au mkazi, uliza bei ya raia, na uombe uandikiwe. Beba vitambulisho vya watu wazima wote na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Uliza kama watoto wadogo wanaruhusiwa, kwa kuwa baadhi ya nyumba hizi huwakataa walio chini ya umri fulani kwa hofu ya kelele. Uliza pia kama ada ya kuingia hifadhini, inayotozwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), imo ndani ya bei au la. Mara nyingi haimo, na ukifika langoni bila kujiandaa utaona kama umeibiwa. Ada hizo hubadilika, kwa hiyo usitegemee alizolipa jirani yako mwaka juzi.

Kengele ya usiku

Chumba chako kitakuwa kidogo. Kuta ni za mbao, blanketi ni zito, na dirisha linaangalia kidimbwi. Baridi ya huko si ya Nairobi. Uko karibu mita 2,000 au zaidi juu ya usawa wa bahari, na jua likizama utatafuta sweta ya pili. Chakula cha jioni huliwa mapema. Baada ya hapo taa kubwa hupunguzwa, ikabaki ile inayomulika kidimbwini, na watu huongea kwa kunong'ona kama wako kanisani.

Sasa sikiliza. Kabla ya kulala utaulizwa kama wataka kuamshwa mnyama mkubwa akija, maana ukutani mna kengele. Kubali. Usije ukasema umechoka.

Sisi ilitulilia saa saba na nusu usiku. Watoto walitoka mbio bila viatu. Mama alijifunga shuka mbili, akaja polepole akishika ukuta. Chini yetu, hatua chache tu kutoka barazani, walikuwa ndovu kumi na mmoja. Majike wazima walikuwa wanachimba udongo wenye chumvi kwa pembe, wanaupulizia, kisha wanautia kinywani kwa mkonga. Ndama mmoja alijaribu kufanya vivyo hivyo, mkonga ukamshinda nguvu, akapiga magoti na kula udongo kwa mdomo. Hakuna aliyesema neno. Waweza kusikia matumbo yao yakinguruma, na huo ndio mshangao wangu mkubwa: mnyama mzito hivyo hutembea bila sauti, lakini tumbo lake lasikika kama gari la mizigo linalopanda mlima.

Mama aliwatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa Kikuyu, tena si kwa kunong'ona, "Yule mwenye sikio lililochanika ndiye aliyekula mahindi yangu mwaka wa 1984."

Watalii wawili waligeuka. Mwanangu akacheka hadi akaziba mdomo kwa mikono. Lakini mama hakuwa anatania. Mwaka wa 1984, kama wakubwa wetu wanavyokumbuka, ukame ulikuwa mkali na watu wengi walikula mahindi ya manjano ya msaada. Shamba dogo la mama lilikuwa limebahatika, kwa kuwa mvua ya mlimani haikukatika kabisa. Usiku mmoja ndovu waliingia, na asubuhi hapakuwa na bua lililosimama. Serikali haikumlipa hata senti. Sasa yuko barazani, kwa pesa za mwanawe, anamwona ndovu akiwekewa chumvi.

"Huyu anapikiwa," aliniambia. "Mimi nilifukuzwa ofisini."

Sikuwa na jibu, na sikujaribu kulitafuta. Tulikaa pale hadi karibu saa tisa. Ndovu walipoondoka alikuja fisi mmoja peke yake, akanywa, akaangalia juu kama anayetuhesabu, akaenda zake. Msituni perere walikuwa wakilia. Huyu ni pimbi wa mitini, si mkubwa kuliko sungura, lakini sauti yake huanza kama mlango wenye kutu na kuishia kama mtu anayenyongwa. Binti yangu alinishika mkono. Mama akamwambia asiogope, hiyo sauti yeye amelala nayo tangu utotoni, isipokuwa ile miaka ambayo hawakuruhusiwa kuisikia kwa karibu.

Hapo ndipo aliposimulia yale ambayo mimi mwenyewe, mtoto wake wa tatu, sikuwahi kuyasikia yote. Mwaka wa 1954 alikuwa na miaka kumi na miwili. Watu walikuwa wameondolewa makwao na kurundikwa katika vijiji vilivyozungushiwa miti iliyochongwa, chini ya homugadi. Mlimani walikuwamo wapiganaji waliokuwa wakiongozwa na Jenerali China, yaani Waruhiu Itote, hadi alipokamatwa Januari mwaka huo. Ili kuwakatia chakula, serikali ya mkoloni iliamuru uchimbwe mtaro mrefu na wa kina kandokando ya msitu, ukatiwa vigingi vyenye ncha. Waliochimba ni wanavijiji, wengi wao akina mama, bila malipo. Mama alibeba udongo kwa kiondo pamoja na dada yake mkubwa. Yeyote aliyevuka mtaro kwenda upande wa msitu aliweza kupigwa risasi.

"Ndiyo sababu nilikuambia nimeukimbia," alisema. Kisha akaenda kulala. Mimi sikulala.

Chini ya mitarakwa

Asubuhi ya pili, amka kabla ya saa kumi na mbili. Mlima huonekana alfajiri, halafu wingu hujifunika hadi jioni, na nimewajua watu waliokaa siku tatu bila kuuona kwa sababu ya kupenda usingizi. Vilele vyake viwili vya juu ni Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188. Cha tatu, Lenana, mita 4,985, ndicho anachoweza kufika mtu asiyejua kupanda kwa kamba. Majina hayo ni ya malaibon wa Kimaasai, na waliyapewa na Mwingereza Halford Mackinder, aliyefika Batian mwaka wa 1899. Wenyeji walikuwa na jina lao, Kirinyaga, na hawakuona haja ya kukanyaga mahali anapokaa Ngai.

Baada ya kiamsha-kinywa tulitembezwa msituni na mwongozaji pamoja na askari mwenye bunduki. Bunduki hiyo si ya maonyesho. Mnyama anayeogopwa hapa si chui wala ndovu, ni nyati dume mzee aliyefukuzwa na kundi, ambaye hulala kichakani na hukasirika kuamshwa. Utaambiwa utembee kwa mstari, usivae nguo nyekundu wala nyeupe, na usikimbie hata iweje. Viatu viwe vya kufunga, na soksi zivutwe juu ya suruali, kwa maana siafu wa huko hawana adabu.

Usitarajie msitu mmoja. Upande wa magharibi na kaskazini, penye mvua chache, utakutana na mitarakwa, ile miti yenye harufu ya penseli iliyochongwa, pamoja na mizeituni ya porini. Upande wa kusini na mashariki, mvua inakonyesha zaidi, ndiko ulikokuwa ufalme wa mti wa kafuri, ambao Wakikuyu huuita muthaiti. Ukipanda zaidi wakutana na mianzi, kisha miti mizee yenye ndevu za kuvu, halafu nyasi na mawe. Watoto wa shule wanaosoma jiografia watapata hapa kwa siku moja yale wanayokariri kwa muhula mzima.

Mbega ndio walionifurahisha zaidi. Utawaona wakiruka kutoka mti hadi mti, mabega na mkia vimejaa manyoya meupe yanayopepea kama kanzu. Wana desturi ya kukaa matawi ya juu kabisa, na huteremka chini kwa nadra. Kima, kinyume chake, ni mwizi. Alituibia mkate barazani mchana kweupe, akaula akitutazama.

Mwongozaji alitusimamisha mbele ya kisiki kimoja cha muthaiti, kipana kiasi cha kutosha meza ya watu sita. Mwaka wa 1999 KWS iliurusha ukaguzi wa ndege juu ya msitu wote na kuonyesha hadharani jinsi ulivyokuwa ukiliwa: maelfu ya miti ya muthaiti na mitarakwa iliyokatwa bila kibali, matanuri ya makaa, na mashamba ya bangi katikati ya msitu. Mwaka uliofuata msitu wote ukawekwa chini ya usimamizi wa KWS, na ukataji ukapungua sana. Muthaiti, hata hivyo, hukua polepole. Mti wa ukubwa huo hautarudi katika maisha ya mwanangu wala ya wajukuu wangu.

Kama unadhani hayo ni mambo ya watu wa Nyeri, fungua bomba lako la maji na uwashe taa. Mito inayotoka hapa na Aberdare huingia Tana, na Tana ndiyo inayozungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Thiba hunywesha mchele wa Mwea uliopikia pilau Jumapili iliyopita. Ewaso Nyiro huchukua sehemu ya kaskazini na kuwanyweshea watu wa Isiolo na Samburu mifugo. Mama, aliyekuwa amebaki nyuma akitegemea fimbo, alichuma jani fulani, akalisugua na kumpa binti yangu anuse. Ni dawa ya mafua, alisema. Mwongozaji akaandika jina lake katika daftari. Hakuwa akilijua.

Nanyuki

Siku ya tatu tulikwenda Nanyuki. Mji huu, ambao jina lake latokana na neno la Kimaasai la wekundu, umekaa kwenye mstari wa ikweta, kiasi cha kilomita 200 kutoka Nairobi. Penye kibao cha ikweta utampata kijana mwenye beseni, jagi na kijiti cha kiberiti. Atasimama hatua ishirini kaskazini na kukuonyesha maji yakizunguka upande mmoja, kisha hatua ishirini kusini yakizunguka upande wa pili, na hapo penye mstari yakiteremka wima. Ni mchezo mtamu, mpe chochote. Lakini wanafunzi wasidanganyike. Mzunguko wa dunia huzipinda dhoruba za baharini zenye upana wa mamia ya kilomita, si maji ya beseni, na tena si katika hatua ishirini. Maji yale huzunguka kufuatana na mkono unaoyamimina. Mwanangu aligundua hilo mara ya pili alipotazama, na yule kijana, badala ya kukasirika, alimkonyeza.

Nanyuki ina visa vingi vya kukaa na kusimulia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia palikuwa na kambi ya wafungwa wa Kiitaliano. Januari 1943 watatu kati yao, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka, lakini si kurudi kwao. Walitoroka kwenda kupanda mlima waliokuwa wakiuona kila siku kupitia seng'enge. Moja ya ramani zao ilikuwa picha ya mlima kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Wawili walifika Lenana, wakasimika bendera, kisha wote wakashuka na kurudi kambini wenyewe. Walihukumiwa siku 28 za kufungwa peke yao, mkuu wa kambi akawapunguzia zikawa saba kwa kuuthamini ujasiri wao.

Nje kidogo ya mji, karibu na ile klabu ya kifahari aliyoianzisha mwigizaji wa sinema William Holden na wenzake mwaka wa 1959, kuna hifadhi ya Mount Kenya Wildlife Conservancy. Nenda ukamwone bongo. Simaanishi bongo la kichwani, ingawa hilo nalo ulibebe. Bongo ni paa mkubwa wa milimani, rangi ya kutu, mwenye mistari myeupe iliyochorwa ubavuni kama kwa chaki. Amezoea kujificha kiasi kwamba wengi waliozaliwa kando ya misitu yake hawajamwona. Uwindaji, magonjwa ya mifugo na ukataji wa miti vimemmaliza: porini kote Kenya, ambayo ndiyo makao yake pekee duniani, inakadiriwa hawafiki 100. Mwaka wa 2004 bongo 18 waliozaliwa katika bustani za wanyama za Marekani waliletwa Nanyuki ili kizazi kianzishwe upya, na Machi 2022 wachache wakaanza kuachiliwa katika sehemu ya msitu iliyozungushiwa ua. Mama alisimama mbele ya mmoja kwa muda. Alisema babake alikuwa akimtaja mnyama wa namna hiyo, naye alidhani ni hadithi tu ya kuwalaza watoto.

Kutoka hapo hadi Ol Pejeta ni safari ya chini ya saa moja. Ng'ombe na wanyama-pori hushiriki malisho katika ekari zipatazo 90,000, na vifaru weusi wako zaidi ya 100. Pana pia sokwe, jambo linaloshangaza kwa kuwa Kenya haina sokwe wa asili. Wa kwanza waliletwa mwaka wa 1993 kutoka Burundi, vita vilipofanya makao yao kule yasiwe salama, na wengine wakafuata. Wengi walikuwa mayatima waliookolewa mikononi mwa wafanyabiashara.

Lakini kilichotupeleka huko ni Najin na Fatu. Hawa ndio vifaru weupe wa kaskazini wawili waliosalia duniani kote, na wote ni majike, mama na bintiye. Waliletwa Desemba 2009 kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové katika Jamhuri ya Cheki, pamoja na madume wawili, Suni na Sudan. Suni alikufa mwaka wa 2014. Sudan, babake Najin, alikufa Machi 2018 akiwa mzee wa miaka 45. Tangu 2019 wanasayansi wamekuwa wakitoa mayai ya Fatu na kuyaunganisha na mbegu za madume zilizohifadhiwa kwenye barafu, ili vijusi vipandikizwe ndani ya majike wa vifaru weupe wa kusini. Njia hiyo ilijaribiwa hapo hapo mwaka wa 2023 kwa kijusi cha kifaru wa kusini, na mimba ikashika. Jike aliyeibeba alikufa kwa ugonjwa wa bakteria, na alipopasuliwa wakakuta kijusi cha kiume cha siku 70 kilichokuwa kikikua vizuri.

Askari anayewalinda alitueleza haya yote kwa upole, huku Najin akitafuna majani hatua chache kutoka kwenye gari. Mama aliomba atafsiriwe sehemu ya mwisho tena. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Wanajua kwamba wamebaki wawili?"

Askari alifikiri. "Hatujui, mama. Lakini yule mkubwa hapendi mwenzake aende mbali."

Mama akatikisa kichwa. Alitoa kitambaa akafuta miwani yake, akasema vumbi la Laikipia ni baya.

Ukipanga safari kama yetu, chagua Januari na Februari, au kati ya Juni na Septemba, kwa sababu masika ya Machi hadi Mei hugeuza njia za msituni kuwa uji. Siku nne zatosha: usiku wa kwanza na wa pili msituni, wa tatu Nanyuki, ambako kuna vyumba vya bei nafuu, na jioni ya siku ya nne mko nyumbani. Kama pesa haziruhusu kulala msituni, lala mjini na uingie hifadhini mchana. Darubini moja yatosha familia, ila ugomvi wa kuishika hautaepukika. Walimu wanaotaka kupeleka wanafunzi waandike barua mapema, kwa kuwa shule hupewa nafuu ya ada.

Tulimrudisha mama Mathira jioni ya siku ya nne. Majirani walikuwa wamekusanyika, na kabla sijazima gari alikuwa amekwisha kuanza kuwasimulia habari za vifaru wawili, blanketi nzito, na kima mwizi wa mkate. Habari ya mtaro hakuitaja.

Jumatatu asubuhi alinipigia simu nikiwa kazini. Ua wa umeme uko karibu na shamba lake, alisema, lakini ndovu wamekwisha kujua kuuangushia mti. Kwa hiyo alitaka nimuulizie yule kijana wa mapokezini ile kengele ya usiku inauzwa wapi, na ni pesa ngapi.